Mwanafunzi wa Riwaya Yuko Likizo Siku Zote

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo. Kusanya riwaya zako za Kiswahili, zile ulizosomeshwa shuleni na zile ulizojinunulia kwenye vitabu vinavyotandikwa chini kando ya barabara. Mtafute humo mhusika ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Utampata bila taabu. Sasa mtafute akiwa chuoni kwenyewe: yumo darasani, yuko kwenye foleni ya chakula, anahangaikia pa kulala, anakesha na mtihani. Hapo utafunua kurasa mpaka vidole vichoke. Mwanafunzi wetu wa riwaya yuko likizo siku zote.

Hilo ndilo jambo langu leo na sitalizungukazunguka. Nasema riwaya ya Kiswahili imempenda sana msomi lakini chuo imekiogopa. Inamsindikiza mpaka getini, inakuja kumpokea akirudi nyumbani na begi lake, ila miaka mitatu minne aliyokaa humo ndani inairuka kama mtu anayeruka dimbwi.

Tuanze na mkubwa wao. Euphrase Kezilahabi aliitoa Kichwamaji mwaka 1974. Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Tunakutana naye wapi? Kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, amekaa nje anasubiri, anatafuta kibarua cha wakati wa likizo. Mkuu wa Wilaya mwenyewe ni Manase, waliyesoma naye. Kuanzia hapo mambo yanakuja kwa kishindo. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa. Kazimoto anapanga kulipa kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, kisasi kinageuka ndoa, ndoa inaleta mtoto mwenye kichwa kisicho cha kawaida, na mwisho Kazimoto anajiua.

Ni kitabu kizito, na anayekibeza basi hajakisoma. Lakini angalia jambo moja. Kinachomtafuna Kazimoto ni elimu yake. Kijijini hakai akatulia, Mungu anamtilia shaka, wazee anawaona kwa jicho jingine, na yeye mwenyewe hajielewi. Swali la mhakiki mdogo kama mimi ni hili: shaka yote hiyo aliipatia wapi? Nani alimtia? Katika chumba kipi, usiku gani, kwa kubishana na nani? Sehemu kubwa ya hadithi inatukia nyumbani, na chuo kinakaa nyuma ya pazia. Tunaonyeshwa homa, mbu hatuonyeshwi.

Usiniambie kwamba Kezilahabi hakuweza. Katika Rosa Mistika (1971) alimfuata Rosa mpaka shule ya wasichana, kisha akamfuata mpaka chuo cha ualimu Morogoro. Tuliingia naye ndani ya uzio, tukaona sheria za shule, tukaona wanaume wanaosubiri nje. Kitabu kiliwachoma watu hata kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kwa hiyo kalamu ilikuwepo. Na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipajua vizuri: alisoma pale, akahitimu 1970, baadaye akarudi kufundisha palepale. Aliyekijua kilima namna hiyo ndiye aliyempeleka Kazimoto likizo.

Tuvuke mpaka, tuende Kenya, tena karibu miaka 40 baadaye. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) cha Ken Walibora yupo Amani, kijana aliyekuwa chuo kikuu, akasingiziwa uchochezi, akafungwa. Sisi tunampokea akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe nyumbani kwa mtu. Chuo kiko nyuma yake tayari. Tunakisikia kwa masimulizi tu. Mswada wake umeibwa na mtu mzito, na huo ndio uchungu wa hadithi. Mimi naupenda uchungu huo, maana kila mwenye mswada kwenye begi anauota usiku. Lakini siku zile ambazo Amani alikuwa chuoni, siku za kusoma na kubishana na kuandika, ziko wapi?

Basi kwa nini iko hivi? Sababu ya kwanza ni ya historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, swali kubwa la fasihi ya Tanzania lilikuwa kijiji. Msomi aliingizwa kwenye hadithi kama mtu anayepimwa: atawatumikia wakulima au atawanyonya? Ili umpime, lazima umtoe chuoni umrudishe nyumbani. Kwa mtindo huo chuo kikawa kama stampu tu, mhusika anagongewa usoni halafu hadithi inaendelea. Ukitaka kujua stampu yenyewe iligongwaje, kitabu kimenyamaza.

Sababu ya pili ni ya mfukoni. Riwaya ya Kiswahili huishi kwa kuchaguliwa kuwa kitabu cha kiada sekondari. Wanafunzi wa sekondari wanatafuta maudhui na fani za kujibia mtihani, walimu wanataka kitabu kisichowaletea maneno, na mchapishaji anataka kuuza. Hadithi ya usiku wa bweni la chuo kikuu inamtia hofu kila mmoja wao. Inakatwa kabla haijaandikwa, na anayeikata mara nyingi ni mwandishi mwenyewe.

Hapo sasa ukingo wa pili wa mto. Hadithi za magazetini, zile za "itaendelea wiki ijayo", zenyewe chuo hazikiogopi hata kidogo. Humo dada wa chuo kikuu amejaa tele: anachuna buzi, buzi lina gari, mke wa buzi anatokea hotelini, varangati. Nazisoma, sijidai. Zina kasi ambayo riwaya zetu za heshima hazina. Ila dada huyo hajawahi kufungua daftari. Hana somo analolipenda, hana mwalimu anayemwogopa, hajui hata amesajiliwa kitivo gani. Riwaya za heshima zimetupa mwanafunzi asiye na chuo. Za magazetini zimetupa chuo kisicho na masomo. Katikati pale hapana mtu.

Nisije nikaambiwa sijui kusifu. Tamthilia imefanya kazi ambayo riwaya imeshindwa. Ebrahim Hussein alitoa Mashetani mwaka 1971, na ndani yake mna vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru. Wanakutana chini ya mbuyu wanacheza mchezo, mmoja shetani, mwingine binadamu. Mchezo unaanza kama utani wa washikaji, halafu unawachoma kweli, kwa sababu ukoo wa mmoja umeinuka baada ya uhuru na wa mwenzake umeporomoka. Wamesoma pamoja, wanazungumza lugha moja, na bado ukuta umesimama kati yao. Yeyote aliyewahi kulala chumba kimoja na mtoto wa wakubwa anajua Hussein anasema nini. Wapo wanaoona tamthilia hii ni ngumu mno. Mimi naona ugumu wake ndio ukweli wake: vijana wa umri ule huzungumza kwa mafumbo wanapoogopa kuambiana kitu waziwazi. Tena tamthilia hizi zilizaliwa kwenye mazingira ya chuo chenyewe. Kinjeketile iliigizwa palepale Mlimani mwaka 1969. Mwandishi wa jukwaa hawezi kumrusha mwanafunzi likizo wakati mwanafunzi ndiye mwigizaji wake na ndiye aliyekaa mbele yake anamtazama.

Sasa nije kwenye jambo linalouma. Yako maandishi ambayo yalisomwa Mlimani kuliko riwaya yoyote, nayo hayakuchapwa na mchapishaji yeyote. Nazungumzia Punch, au Mzee Punch kama alivyoitwa: karatasi zisizo na jina la mwandishi, zinabandikwa ukutani, zina michoro na kejeli. Kundi hilo lilitumia ukuta kuwaandama wanafunzi, hasa wa kike. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa. Jina lake silitaji, wenzake wanalijua.

Naomba tulitazame jambo hili kama wahakiki. Punch ilikuwa na kila kitu tunachofundishwa kwamba ni fasihi: kejeli, taswira, mhusika, hadhira inayosubiri toleo jipya kwa hamu. Na hadhira hiyo ilicheka. Wangapi walisimama mbele ya ukuta ule wakacheka kwa sababu wameona siku hiyo jina si lao? Hapo ipo riwaya nzima, msomaji wangu, tena kubwa. Ipo riwaya ya aliyeandika usiku, ya aliyebandika, ya aliyesoma akanyamaza, na ya msichana anayepita korido asubuhi akijua kila jicho limeshasoma. Riwaya za maana nilizozisoma hazijaigusa. Tulipoacha kuandika chuo, aliyebaki akiandika chuo alikuwa ukuta. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tujue kwamba kalamu inaweza kuua, na tukilijua hilo tutaacha kuambizana kila siku kwamba kalamu ni taa.

Na matukio mengine? Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu mia nne, akawarudisha makwao. Na siku hizohizo akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, ukiwamo wake mwenyewe. Hebu mfikirie kijana mmoja tu kati ya hao. Kijiji kizima kilimsindikiza kwa ngoma, sasa anateremka kwenye basi bila kutarajiwa. Baba anauliza: "Likizo imeanza mapema?" Atajibu nini? Mwaka 1969 wanafunzi wakaanzisha jarida lao, wakaliita Cheche. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1970, likapigwa marufuku. Jina lilikuwa la Kiswahili, makala zake kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kiingereza. Na waliolianzisha walipokuja kuandika kumbukumbu zao, kitabu kikatoka mwaka 2010, nacho kwa Kiingereza. Yaani mpaka ugomvi wetu wa nyumbani tunausoma kwa lugha ya wageni.

Hapa nafika kwenye sababu ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo mzizi: lugha. Mlimani mhadhara ni wa Kiingereza, isipokuwa kwa wanaosomea Kiswahili chenyewe. Wakitoka mlangoni tu, Kiswahili. Wakikaa kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za zege chini ya miti, wanachanganya: nadharia kwa Kiingereza, ubishi kwa Kiswahili, matusi kwa lugha ya kwao. Sasa mwandishi wa riwaya ya Kiswahili sanifu atafanyaje? Profesa wa sheria akifungua mdomo ndani ya riwaya, aongee lugha gani? Akiongea Kiswahili safi, kila aliyepita pale atasema huu uongo. Akiongea Kiingereza kurasa tatu, mhariri atampigia simu. Mwandishi anaona bora mkutano uvunjike, mhusika apande basi aende kwao, kule watu wote wanazungumza Kiswahili. Kazimoto yupo likizo kwa sababu nyingi, lakini hii nayo imo.

Nasema woga huu umepitwa na wakati, maana vimbweta vimeshatatua tatizo. Wanafunzi wametengeneza msamiati wao na umeshavaa nguo za Kiswahili. Fedha za mkopo za kujikimu ni bumu. Makaratasi ya mhadhara yanayorudufiwa kwa mamia ni madesa, na kuyategemea au kunakili cha mwenzio ni kudesa. Mtihani wa marudio ni sapu. Kulala wawili kwenye kitanda cha mmoja kwa kukosa chumba ni kubebana. Na kufukuzwa kwa kufeli ni kudisko. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja sura mbili za mswada wangu. Zikarudi, neno "kudisko" limezungushiwa wino mwekundu, pembeni kaandika "kuachishwa masomo". Namheshimu, ni mtu mzima. Lakini kuachishwa masomo ni barua, ina muhuri na kumbukumbu namba. Kudisko ni kufunga godoro kwa kamba usiku ili wenzako wasikuone, uwahi basi la mkoani la alfajiri. Ukiniondolea neno umeniondolea na godoro.

Tena ukiangalia vizuri, muhula wa kwanza ni msuko uliokwishasukwa. Sisi tunahangaika na "mwanzo, kati na mwisho", na kumbe uko pale kila mwaka kuanzia Oktoba au Novemba. Mwanzo: vijana wanateremka na masanduku, foleni ya usajili, majina ya waliopata mkopo yanatoka na jina la mmoja halimo. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, orodha hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya maisha ya chuo. Kisha pa kulala. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli mpya Mlimani, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, na bado kubebana ni neno linaloeleweka mpaka leo. Kati: bumu limechelewa, anayejiweza anamkopesha asiyejiweza, halafu anamkumbusha mbele za watu. Majaribio yanaanza, kikundi cha watu watano kinapewa kazi moja, wawili wanaifanya, watano wanaandika majina. Mwisho: mitihani ya muhula, na matokeo ambayo siku hizi mtu anayatazama peke yake kwenye simu, amegeukia ukutani. Tuseme kweli, mwandishi anataka nini zaidi? Miezi minne, kilima kimoja, watu waliotoka kila mkoa, na mtihani unawasubiri wote.

Najua nitakachoulizwa: wewe umesoma chuo gani? Sijasoma. Niliishia kidato cha sita. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi upande wa Changanyikeni, chini ya kilima hichohicho. Jamaa yangu mmoja mwenye digrii aliniambia kwa upole kwamba mtu haandiki asichokiishi. Nimelifikiria neno lake sana. Halafu nikajiuliza: madesa yale yanapita mikononi mwa nani? Naijua wiki ya majaribio kabla kalenda haijasema, kwa sababu karatasi inaniishia. Namjua anayelipa fotokopi ya wenzake wanne na namjua anayeomba nimpunguzie shilingi mia. Ripoti ya mtu anayelia naichapa na kuifunga vizuri, tena kwa haraka. Mama lishe anajua nani ameanza kula mlo mmoja. Fundi viatu anajua. Mlinzi wa geti ndiye anayejua zaidi yetu sote, ila haulizwi.

Wasomi wetu waliandika kijiji baada ya kukiacha, na walikiandika vizuri. Sioni kosa gani sisi tuliobaki chini tukiandika kilima. Labda hata ndiyo dawa, maana sisi hatuna wenzetu wa kuwaficha wala kiti cha kukilinda. Sharti ni moja, tusiandike kwa wivu. Kijana aliyefika Mlimani si adui yangu, wala siku yake ya kudisko si sherehe yangu. Nikimwandika ili nimkomoe, nitakuwa nimebandika karatasi nyingine ukutani.

Wako watakaosema chuo ni mambo ya wachache. Ilikuwa hivyo zamani. Mpaka 1984, Sokoine kilipoanzishwa Morogoro, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Tangu hapo vimeongezeka. Dodoma kilianzishwa 2007, na vingine vimezagaa mikoani. Leo karibu kila mtaa una mtoto aliyeko chuo, aliyemaliza anatafuta kazi, au aliyerudi na godoro. Wasomaji hao wapo, wanajua kusoma, wanajua Kiswahili, na wanajua uongo ukiandikwa. Wanasubiri kujiona.

Kwa hiyo wewe unayesoma gazeti hili ukiwa kwenye kimbweta, na wewe unayelisoma ukiwa dukani, kibandani au kituo cha daladala, nawatupia kazi. Niandikieni kurasa kumi za wiki moja ya muhula wa kwanza. Ubaki kilimani, usimpeleke mtu kijijini. Ukitaka kumpa mtu gari, mpe na somo analofeli. Mwanafunzi aongee anavyoongea. Msichana awe na jina, awe na daftari, na ndani ya daftari mwe na kitu alichokiandika mwenyewe. Halafu lete. Nitakutolea fotokopi bure, wenzetu wasome.